Nitawapikia Wafeli

Mwezi uliopita nilialikwa kifungua kinywa kwa rafiki yangu anayeishi Mbweni, kwenye zile nyumba mpya zenye madirisha makubwa. Binti yake alikuwa anaadhimisha siku ya kuzaliwa, na kwa heshima ya siku hiyo mama mtu alichomeka mashine ndogo ya umeme palepale mezani, akamimina unga uliokorogwa, akafunika. Baada ya muda mvuke ukaanza kutoka pembeni. Rafiki yangu ni mtu wa pwani, kwa hiyo alikuwa ametia hiliki. Harufu ya hiliki na siagi inayoungua kidogo kwenye chuma iliponifikia, niliweka kikombe chini. Wenzangu walikuwa wanazungumzia viwanja vya Boko, nani kauza na nani kadhulumiwa, na mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Temeke, kwetu, katika mwaka ule wa mvua kubwa, nikimtazama dada yangu anavyotafuna.

Kwetu ilikuwa nyumba ya bati yenye duka kwa mbele na uani kwa nyuma. Baba aliuza vitu vya nyumbani. Wenye umri wangu hawakuziona sana zile rafu tupu ambazo wazazi wetu walizisimulia, sisi tulikua wakati maduka yameanza kujaa tena. Kwenye duka la baba kulikuwa na biskuti za nje zenye picha ya ng'ombe, siagi za kopo, betri, sabuni za kunukia zilizopangwa kama matofali. Mteja akilalamika bei, baba alimjibu kwa upole, "Zamani ungelalamika foleni," na mteja alicheka, akalipa.

Ndani tulikuwa wanne: baba, mama, dada yangu Zuhura, na mimi wa mwisho. Zuhura alikuwa amenizidi miaka sita. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani, na tulilala kitanda kimoja. Alipochomekea chandarua alizunguka kitanda chote, kisha akaingia kwa upande wangu na kunivuka kama mtu anayeruka mtaro, ili yeye alale ukutani. Alikuwa na mikono isiyotulia. Akikaa bila kazi, atatafuta kitambaa na sindano. Gauni langu la Idi ya mwaka ule alilishona yeye kwa mkono, kwa sababu mkanda wa cherehani ya mama ulikuwa umekatika, na mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa kiasi kwamba jirani mmoja aliliinua pindo akalichungulia kwa ndani, akauliza fundi ni wa wapi.

Alikuwa amemaliza darasa la saba na alikuwa anasubiri majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Darasa lililojaa hadi madirishani lingetoa watoto wachache sana, na waliobaki wote, hata aliyekosa kwa alama moja, waliitwa kwa neno moja tu: wamefeli. Neno hilo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu mitaani. Fulani kafeli. Wale wa nyumba ile hufeli. Nililijua neno kufeli kabla sijajua kusoma saa.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, akaja shangazi kutoka Maskati. Alikuwa dada mkubwa wa baba, aliyeolewa huko miaka mingi kabla sijazaliwa, na sikuwa nimewahi kumwona ila kwenye picha. Aliteremka kwenye teksi katikati ya mvua, akiwa amekunja baibui lake hadi kwenye vifundo vya miguu, akamwambia baba, "Nchi yenu imekuwa bahari, na mie nimekuja na viatu vya kwendea harusini." Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na alinukia udi hata nguo zake zilipolowana.

Sanduku lake lilifunguliwa sebuleni, tukiwa tumelizunguka. Zilitoka tende, vitambaa, saa ya ukutani yenye sauti ya adhana. Chini kabisa, kikiwa kimezungushiwa taulo, kilitoka chuma kizito cheusi chenye mikono miwili mirefu. Shangazi alikishika, akakifungua kama kitabu. Ndani, kurasa zote mbili zilikuwa na vijumba vya mraba vilivyopangwa kwa mistari. Sikuwa nimewahi kuona kitu cha namna ile. Nilimuuliza mama kama ni cha kunasia panya. Mama alinikazia macho, kisha nikaona na yeye anakitazama kwa mashaka yaleyale.

"Hiki ni cha siku ya Idi," shangazi alisema, akakifunga.

Sasa nitasimulia mambo mawili niliyoyasikia, kwa mfuatano uleule nilioyasikia, kwa sababu mpangilio wake ndio ulionipotosha.

La kwanza nililisikia baada ya futari, nikiwa nimejilaza kwenye mkeka sebuleni, macho nimefumba. Watu wazima huamini kwamba mtoto aliyefumba macho ameziba na masikio. Zuhura alikuwa uani anaosha vyombo.

"Akichaguliwa, alhamdulillahi, asome," shangazi alisema. "Asipochaguliwa, nipeni mie. Ntaondoka naye. Binti yangu kafungua duka la kushona mabaibui, anataka mtu wa kumshika mkono. Atajifunza kazi."

"Bado mdogo huyo, dada," baba alisema.

"Mdogo? Mie umri huo nilikuwa nakubeba wewe mgongoni, na ulikuwa mzito kama gunia la mchele mbichi."

Baba alicheka. Mama hakucheka. "Tusubiri majina kwanza, wifi," alisema.

"Nasubiri. Nani kasema sisubiri?"

Nikasikia baba anachezesha funguo za duka mkononi, kama alivyofanya kila alipokuwa anapiga hesabu. "Haya," alisema mwishowe. "Akifeli, utaondoka naye."

Nilibaki nimefumba macho. Kwa dakika chache dunia yangu iligawanyika mara mbili. Kufaulu maana yake Zuhura anabaki, ananisuka, ananivuka kitandani. Kufeli maana yake Maskati. Sikujua Maskati iko wapi, nilijua tu kwamba watu wakienda huko hurudi wakiwa wanene na baada ya miaka mingi sana.

La pili nililisikia siku chache kabla ya Idi. Nilitumwa dukani kuchukua chumvi, na nilipokuwa narudi nilifika kwenye pazia la mlango wa uani. Upande wa pili shangazi alikuwa anamwambia mama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri:

"Siku ya Idi we pumzika, wifi. Nitawapikia wafeli."

Na mama akajibu, "Haya wifi, nasi tutafurahi." Wakacheka wote wawili.

Nilisimama pale na chumvi yangu. Nawaomba wasomaji wairudie sentensi ile polepole, kama mtoto wa darasa la pili alivyoirudia. Atawapikia, wafeli. Atawalisha kitu ili wafeli. Haikuwa na neno lililopungua wala lililozidi. Mwalimu wetu alikuwa anatufundisha sentensi za namna hiyohiyo ubaoni: nitawafundisha wajue, nitawapigia kengele waje. Nitawapikia wafeli.

Nikajiuliza, ni nani hao? Nilichambua. Baba na mama walishamaliza shule zamani. Mimi sikuwa na mtihani wowote. Shangazi mwenyewe hakuwa na haja ya kujifelisha. Katika nyumba ile mwenye uwezo wa kufeli alikuwa mmoja tu, na ndiye ambaye shangazi alimtaka.

Ilinichukua miaka kujua kwamba shangazi alikuwa na jirani Mholanzi huko Maskati, mke wa mtu wa mafuta, na kwamba mama huyo ndiye aliyempa kile chuma na kumfundisha mkate wake, na kwamba katika lugha ya yule jirani mkate ule huitwa hivyohivyo alivyotamka shangazi, akiongeza tu irabu mwishoni kama sote tunavyofanya kwa maneno ya kigeni. Leo kila hoteli ya mjini inao asubuhi. Wakati ule, Temeke, hakukuwa na mtu wa kunieleza, na mimi sikumuuliza mtu.

Badala yake niliangalia. Tangu siku ile nilimfuata shangazi kama kivuli, na kila nilichokiona kilithibitisha. Alimwambia baba aache unga mzuri, ule wa mfuko wa karatasi, usiuzwe. Alimtuma mama mayai ya kienyeji, akisema ya kizungu hayafai. Aliponda hiliki mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Na alikuwa ananong'ona anapopima, jambo ambalo sasa najua kuwa alikuwa anahesabu, lakini wakati ule nililielewa vingine.

Jambo lililoniumiza zaidi lilikuwa mama. Alasiri moja, mvua ikiwa imetulia kidogo, shangazi aliamua kukijaribu chuma. Jiko la mkaa liliwekwa kibarazani kwa sababu uani maji yalikuwa yamesimama. Akamimina, akafunga, akageuza. Alipofungua, mkate ulipasuka katikati, nusu imeng'ang'ania huku na nusu kule, ukitoa moshi. Akakwangua kwa kisu. Akamimina tena, ukapasuka tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nikifurahi kimoyomoyo.

"Maskati hakinifanyii hivi," shangazi alisema. "Kimeingiwa na maji ya mvua zenu."

Mama alikuwa pembeni anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akakichukua kile chuma, akapitisha kidole kwenye vijumba. "Umekiosha kwa sabuni?"

"Si nilikuta kina vumbi."

"Ndo maana. Hiki ni kama chuma cha vitumbua, wifi. Ukikitoa mafuta yake kinakununia." Akakipaka samli kila kijumba kwa kitambaa, akakiweka juu ya moto mpaka kikafuka, akakipoza, akarudia tena. Alikuwa na subira ya mtu anayempoza mtoto homa. Shangazi alikaa kimya akimtazama, na kile kimya ndicho kilichowafanya wale wifi wawili wawe marafiki, ingawa hilo pia nimelitambua ukubwani. Mkate wa tatu ulitoka mzima, wa rangi ya dhahabu, mistari yake imenyooka.

Waliufunika, usiliwe mchana wa funga. Mimi nilikuwa bado sijaanza kufunga, na mama aliniita nionje. Nilikimbia. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba nikiwaza jambo moja: mama naye yumo.

Lazima niseme pia yale niliyoyaona kwa Zuhura siku zile, kwa sababu niliyaona yote na sikuyaelewa hata moja. Alikuwa anamuuliza shangazi maswali. Huko maji ya bomba yanatoka siku zote? Hiyo cherehani ya duka la binti yako ni ya umeme au ya miguu? Msichana anakaa na nani? Jioni moja nilimkuta chumbani amevaa baibui la shangazi, amelinyanyua pindo karibu na taa, anachunguza jinsi lilivyotariziwa, kidole chake kikifuata uzi taratibu, ukiingia na kutoka. Nilidhani anafanya kama mimi. Nilidhani anampeleleza adui.

Kwa hiyo nilimwambia. Tulikuwa chumbani, yeye ananyoosha kanzu ya baba kwa pasi ya mkaa, mimi nikimwangalizia cheche zisiruke. Nilifunga mlango kwanza.

"Dada, siku ya Idi usile mkate wa shangazi."

"Kwa nini?"

"Ukila utafeli."

Hakuacha kupiga pasi. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Nimemsikia anamwambia mama. Kasema, nitawapikia wafeli."

Nilitegemea acheke, na angecheka hadithi hii ingeishia hapo. Nusu ya uso wake ilicheka kweli, kona moja ya mdomo ikapanda, kisha ikashuka. Akaisimamisha pasi kwenye kisigino chake.

"Mtihani nilishafanya zamani," alisema. "Mkate utaingiaje huko?"

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria. "Majina bado hayajatoka."

"Ni kweli," alisema polepole. "Bado hayajatoka." Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayetaka kuniuliza kitu halafu akaona mimi ni mdogo mno. "Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Usimwambie."

Nikatoka pale nikiwa mwepesi kama karatasi. Nilikuwa nimetimiza wajibu wangu. Tulikuwa wawili sasa, dhidi yao watatu.

Idi ilikuja na mvua. Swala ilihamishiwa msikitini, uwanja ulikuwa bwawa. Niliamshwa na ile harufu, hiliki na samli na kitu kingine kitamu kinachoanza kuungua, ikiingia chumbani pamoja na sauti za mama na shangazi kibarazani wakigombana kwa furaha juu ya moto, huyu anasema mkali, yule anasema umelala. Upande wa ukutani Zuhura alikuwa ameshaamka, amelala chali, macho juu ya chandarua.

"Unakumbuka?" nilimnong'oneza.

"Nakumbuka."

Tulivaa. Gauni langu lilinikaa vizuri. Baba alirudi kutoka swala na pindo la kanzu limelowa, tukamsalimu, tukasalimiana mikono wote, na mkeka ukatandikwa sebuleni. Mama hakuwa amepumzika hata kidogo. Kulikuwa na tambi za sukari zilizokaangwa hadi zikawa kahawia, vitumbua, chai ya maziwa. Katikati liliwekwa sinia lililofunikwa kawa. Shangazi alikaa, akajitengeneza ushungi, akaliinua kawa kama bwana harusi anavyomfunua mkewe.

Baba aliinamia sinia. "Mkate gani huu una vyumba vyumba kama nyumba ya kupangisha?"

"Na kila chumba na mpangaji wake," shangazi alisema, akachukua bakuli la asali, akaimimina polepole kwa kijiko mpaka vijumba vikajaa. "Ndo wafeli hao. Kuleni."

Kulisikia neno lenyewe, wazi, mchana kweupe, mbele ya baba, kulinifanya niweke kijiko chini. Baba alikula na kusifu. Mama alikula nusu na kusema hiliki imezidi kidogo, shangazi akamwambia hiliki haizidi, huwa inapungua tu. Kisha kipande kikaja kwangu.

"Nimeshiba tambi," nilisema.

"Tambi gani, hujamaliza hata kijiko," mama alisema. "Kula, shangazi yako kaamka tangu alfajiri kwa ajili yenu."

"Muache," shangazi alisema. "Idi haina fimbo."

Nikamgeukia Zuhura, nikiwa tayari kumwona naye anakataa. Alikuwa amenyoosha mkono kwenye sinia.

Alichukua wa kwanza mzima. Aliuweka kwenye sahani yake na hakuula mara moja. Aliukata kwa kufuata mistari, kijumba kwa kijumba, kama anavyokata kitambaa, halafu akaanza kutia mdomoni kimoja baada ya kingine. Nilidhani amesahau. Nilimfinya paja chini ya kanga. Aliushika mkono wangu bila kunitazama, akauondoa taratibu, akauweka mapajani mwangu mwenyewe, akaupapasa mara moja. Akaendelea. Alipomaliza alichukua wa pili.

"Dada," nilisema.

Hapo akanitazama. Nimekuwa nikiutafuta uso ule kwenye picha zake zote na siupati. Haukuwa uso wa mtu aliyesahau, wala wa mtu mwenye njaa. Niliwahi kuuona mara chache, alipokuwa amemaliza swala na bado amekaa kwenye msala, viganja amevifungua, anaomba kitu ambacho hataki mtu akisikie. Alitafuna, akameza, akageuka upande wa pili.

"Shangazi," alisema, "niongeze."

"Njoo nikubusu," shangazi alisema, amefurahi mpaka macho yamelowa. "Huyu ndo wangu. Mwoneni, huyu ndo wangu." Akamwekea mwingine, na asali.

Nilikaa na sahani yangu ya tambi na nikaelewa. Sikuelewa kwa maneno, mtoto hana maneno ya jambo kama lile. Nilielewa tu kwamba dada yangu alikuwa anasikia habari ya Maskati kama ninavyosikia mimi habari ya sikukuu, na kwamba nilipofunga mlango na kumwonya kuhusu sumu, nilikuwa nimemwonyesha dawa ilipo. Alikula mpaka sinia likabaki na makombo. Mama alimwambia atavimbiwa. Baba alisema mwache, mwenyewe ndiye atakayeumwa tumbo.

Siku zilizofuata sikumsemesha vizuri. Alinisuka, nikakaa mbali kadiri kichwa kilivyoruhusu. Usiku alinivuka kitandani kama kawaida, nami nilijikunja ili asiniguse. Hakulalamika. Mara moja nilimsikia anaimba taratibu huku anapanga nguo zake kwenye kabati, akizitenga mafungu mawili, na sikuuliza ya kwenda ni yapi na ya kubaki ni yapi.

Mwalimu alikuja kabla Idi haijapoa, watu bado wanatembeleana. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu, mtu wa bara, mrefu, mteja wa baba wa sigara na magazeti. Aliingia kwa mlango wa duka akiwa amekunja suruali hadi magotini kwa ajili ya matope, hakununua kitu. Sote tulikuwa ndani. Zuhura alikuwa amesimama kwenye pazia na kikapu cha vitunguu.

"Mzee, mwaka huu mimi ndiye nadai mkono wa Idi kwako," mwalimu alisema. "Binti amechaguliwa. Kutwa, hapahapa mjini, hahitaji hata sanduku."

Baba aliishika meza ya duka kwa mikono yote miwili. Mama alikaa chini pale alipokuwa, juu ya gunia. Na wa kwanza kupiga vigelegele, virefu, vya kuita majirani, alikuwa shangazi. Alimvuta Zuhura kifuani kwake, vitunguu vikamwagika na kubingirika hadi barazani, akawa analia na kucheka pamoja. Nilimtazama kwa mshangao. Mtu aliyepika ili wafeli hakupaswa kulia namna ile kwa sababu wamefaulu.

"Na Maskati, shangazi?" Zuhura aliuliza. Aliuliza taratibu sana, mdomo ukiwa kwenye bega lake, na nadhani mimi peke yangu niliyekuwa chini yao naokota vitunguu ndiye niliyesikia vizuri.

"Maskati haikimbii, mwanangu. Soma kwanza. Maskati ipo tu."

Watu wazima husema hivyo kwa nia njema kabisa. Shangazi aliondoka baada ya wiki mbili na hakujaliwa kurudi tena. Siku ileile ya majina baba aligawa pipi za duka kwa mikono mpaka kopo likaisha. Majirani walikuja, Zuhura aliwapa mkono mmoja mmoja, akasema ahsante, akasema inshallah, akasema ndiyo nitasoma kwa bidii. Halafu nikageuka, hayupo.

Nilimkuta uani. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kanga ameifunga kifuani, mkononi ana nusu ya nazi ambayo haikuwa imekunwa hata mara moja. Kila aliyepita angedhani anajiandaa na kazi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na yeye hakuyafuta. Mvua ilikuwa imeacha, matone ya mwisho yanaanguka kutoka kwenye bati mbele yake.

Nilikaa kwenye kizingiti. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka duniani, anabaki, na sikujua nifanye nini na furaha yangu. Nikauliza lile pekee lililokuwa linanitatiza.

"Si uliila mingi?"

"Niliila."

"Sasa mbona umefaulu?"

Zuhura aliitazama ile nazi, akaigeuza, akacheka kidogo kupitia puani huku machozi yakiendelea.

"Labda haikuiva," alisema, akaanza kukuna.